Nani Amfundishe Mwanafunzi wa Ukulima Kazi Yake?

Kila mwaka, kabla ya likizo ndefu za vyuo vikuu, barua huanza kumiminika katika ofisi za kilimo. Mimi ni karani, na kazi yangu ya asubuhi ni kuzifungua barua, kuzipiga muhuri wa tarehe na kuzipeleka mahali panapostahili. Barua hizi zafanana kama mapacha. Mwanafunzi hutaja jina lake na chuo chake, husema kwamba yu katika mwaka wa tatu wa shahada ya ukulima, kisha huomba apewe nafasi ya mafunzo ya kazini kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Nyuma yake huwa imebanwa barua nyingine kutoka chuoni, yenye sahihi ya mkuu wa idara, ikiomba kijana asaidiwe. Ni mara chache barua hizo kutaja ni kazi gani hasa kijana anataka kujifunza, na ni mara chache zaidi sisi wenyewe kuuliza.

Jambo hili lawahusu wasomaji wengi wa ukurasa huu. Wako kati yetu wakulima waliouza ng'ombe, au walioipeleka bonasi yote ya majani chai kwenye karo, ili mtoto asome ukulima. Miezi ile miwili au mitatu pengine ndiyo mara ya pekee katika miaka minne ambapo mtoto huyo atasimama mbele ya mwajiri na kuonekana kama anaweza kazi au hawezi. Ikipita bure, atarudi nyumbani na cheti kizuri, na mkulima wa kwanza atakayemwuliza swali atajua kwamba hakuwahi kuulizwa swali kama hilo.

Nitaanza kwa kosa ambalo mimi mwenyewe nilishiriki. Ilikuwa wakati wa mvua ndefu za mwaka 2017. Wasomaji watakumbuka kwamba huo ndio mwaka ambao viwavijeshi vamizi waliingia katika mahindi yetu. Mdudu huyu asili yake ni bara la Amerika; alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na haukupita muda mrefu akawa amefika Kenya. Ofisini kwetu alikuwapo kijana mmoja wa mwaka wa tatu, mpole na mwenye hati nzuri. Kwa kuwa alikuwa na hati nzuri, nilimpa daftari kuukuu la majina ya wakulima waliopokea mbolea, nikamwambia ayanakili katika daftari jipya. Alifanya hivyo kwa wiki tatu.

Katika wiki ya nne akaja mama mmoja amebeba mhindi mchanga uliofungwa katika gazeti. Alimtaka Bwana Shamba, lakini Bwana Shamba alikuwa safarini. Kijana akauomba ule mmea, akaufunua katikati, akamtoa kiwavi. Akatuonyesha kichwani alama mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba.

"Mama, hawa si wale viwavi tuliowazoea," akasema. "Hawa hujificha ndani ya moyo wa mhindi. Ukipiga dawa mchana juu ya majani, haiwafikii. Shamba lako ni kubwa kiasi gani?"

"Ekari moja na nusu, mwanangu. Twende ukalione, si mbali."

Kijana akanitazama. Nami nikamwambia kwamba hakuna mtu aliyempa amri ya kutoka, na kwamba majina yale yalitakiwa siku ya Ijumaa. Mama akaufunga mmea wake tena katika lile gazeti, akaenda zake. Bwana Shamba alifika kwake baada ya siku nane.

Sisemi kwamba kijana yule angaliliokoa shamba lile, pengine asingaliweza. Lakini kila mwanafunzi hupewa na chuo daftari la kazi, aandike humo siku kwa siku mambo aliyojifunza, na kwa siku ile daftari lake lina maneno mawili: "Kunakili majina." Najua, maana ndimi niliyelipeleka kwa mkubwa wangu likatiwe sahihi. Mhadhiri alipokuja kumkagua, alikaa nasi muda wa saa moja, akaliona daftari limejaa sahihi, akaridhika.

Asidhani mtu kwamba vyuo vyetu havikujua tangu mwanzo kuwa ukulima haujifunzwi kwa kalamu peke yake. Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, kilianza mwaka 1939 kama shule ya shamba. Lord Maurice Egerton wa Tatton, mlowezi aliyekuwa na ardhi kubwa mahali pale, alitoa ekari 740 ili vijana wa Kizungu wafundishwe kuendesha mashamba. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma hapo. Kazi yake katika ardhi ile ilikuwa kibarua. Katika shule ya namna ile darasa na boma la ng'ombe vilikuwa uwanja mmoja, na mwanafunzi aliyetoka pale aliingia moja kwa moja katika shamba la baba yake au la jirani yake. Mwajiri na mwalimu walijuana.

Mwaka 1950 shule ile ikawa chuo cha kilimo, ikitoa cheti kwa mwaka mmoja na diploma kwa miaka miwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1987 ikawa chuo kikuu kamili. Hayo ni maendeleo, wala hakuna anayetamani kurudi nyuma. Lakini fikiri, msomaji: ng'ombe wa shamba la chuo waliotosha wanafunzi wachache kujifunza kukama hawawezi kutosha maelfu. Hapo ndipo chuo kilipolazimika kutoka nje ya ua wake na kuwaendea waajiri: viwanda vya chai, vyama vya ushirika, makampuni ya mbegu ya Kitale, mashamba ya maua ya Naivasha, vituo vya utafiti, na ofisi za serikali kama yetu. Vyuo vingine vyote vinavyofundisha ukulima vimepita njia hiyo hiyo.

Wazo lenyewe la kumgawa mwanafunzi kati ya chuo na mwajiri halikuzaliwa kwetu, wala halikuzaliwa katika ukulima. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati huko Marekani, mwalimu wa uhandisi aitwaye Herman Schneider alianza na vijana 27. Wiki moja walikaa darasani, wiki iliyofuata walikwenda kiwandani, wakipokezana. Mwenye kiwanda aliwalipa kwa sababu walimfanyia kazi kwelikweli. Huko Uingereza, chuo cha kilimo cha Harper Adams, kilichofunguliwa mwaka 1901, humtaka mwanafunzi akae mwaka mzima kwa mwajiri kabla ya kurudi kumaliza shahada. Mwaka mzima si miezi miwili. Katika mwaka mtu huona kupanda na kuvuna. Katika miezi miwili aweza kuona palizi tu, na mara nyingine hata palizi haioni.

Hapa Kenya sheria ya mafunzo ya viwandani ni ya tangu mwaka 1959, na tangu mwaka 2011 iko mamlaka ya taifa inayosimamia mafunzo hayo. Kwa amri ya mwaka 2007 waajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na mfuko huo husaidia kugharimia mafunzo. Kwa hiyo mwajiri anayesema kwamba kufundisha vijana si shauri lake amesahau kwamba tayari analilipia. Kwa upande wake mwanafunzi huja na barua, na bima ya ajali, na lile daftari la kazi. Msimamizi wa mahali pa kazi humtia alama, mhadhiri humtembelea mara moja au mbili, na mwisho kijana huandika taarifa. Karatasi zimepangwa vizuri. Kitu ambacho karatasi haziwezi kupanga ni kazi yenyewe.

Nimeona mahali ambapo kazi ilikuwapo. Wakati mmoja nilitumwa kupeleka fomu katika kituo cha chama kimoja cha ushirika wa maziwa, nikafika saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umetanda. Pikipiki zilikuwa zimejipanga na mitungi yao, na aliyesimama mbele ya mizani akiwa amevaa koti jeupe na buti za mpira alikuwa msichana wa chuo kikuu. Mkono mmoja alishika laktomita, ule mwingine kichupa cha alkoholi. Maziwa mazuri ya ng'ombe uzito wake ni kati ya 1.026 na 1.032 ukiyalinganisha na maji yaliyo 1. Yakipungua hapo, huenda mtu ameongeza maji. Ukichanganya maziwa na alkoholi kwa kipimo sawa, kisha yakafanya vidonge, jua kwamba yameanza kuchacha na hayatastahimili moto wa kiwandani. Mambo haya hufundishwa darasani kwa muda mfupi, katika glasi safi, na maziwa ambayo mwalimu mwenyewe ameyaleta.

Mbele ya msichana yule palikuwa na mzee ambaye maziwa yake yalikuwa yamefanya vidonge.

"Mzee, samahani, haya hatuwezi kuyapokea. Yameanza kuchacha."

"Yameanza wapi? Nimekama sasa hivi!"

Watu arobaini walikuwa wakisikiliza. Msichana hakubishana. Akamimina tena kidogo mbele ya macho ya mzee, akamwonyesha, kisha akamwuliza kwa adabu kama maziwa ya jana jioni yalikuwa humo pia. Mzee akanyamaza. Yalikuwamo. Alikuwa ameyachanganya na ya asubuhi ili mtungi ujae. Msichana akamweleza jinsi ya kuyaweka maziwa ya jioni ndani ya maji baridi na kuyaleta katika mtungi wa pili, ili yapimwe peke yake. Mzee aliondoka na hasara ya siku moja, lakini alijua sababu yake. Sijui chuo gani kina chumba cha kufundishia somo kama lile. Meneja wa kituo aliniambia kwamba hapo zamani walikuwa wakiwapa wanafunzi kazi ya kufagia na kuchemsha chai, wakaona kwamba hawapati faida wala chuo hakipati. Siku hizi hawapokei zaidi ya wawili kwa wakati mmoja, na wiki ya kwanza huwakabidhi mizani.

Hata katika kituo cha kununulia majani chai mambo ni hayo hayo. Kila mtu ajua kwamba majani yatakiwayo ni mawili na kichipukizi. Kumrudishia mama gunia lake kwa sababu amechuma majani magumu, naye ni mama yako wa kijijini, ni elimu nyingine.

Kwa nini basi ofisi nyingine humpa kijana mizani na nyingine humpa daftari la kunakili? Nimelifikiri jambo hili miaka mingi, na naona sababu ni kwamba mara nyingi chuo na mwajiri hawajapata kuzungumza hata kidogo kabla kijana hajafika. Chuo kinatafuta mahali pa kumweka, nasi tunamwona kama mgeni wa kukirimiwa kwa muda. Kila mmoja anadhani mwenziwe ndiye anayefundisha.

Yuko mwalimu mmoja mzuri wa jambo hili, naye yuko Afrika hii hii, katika nchi ya Ghana. Mwaka 1986 Mjapani tajiri Ryoichi Sasakawa, pamoja na Jimmy Carter aliyekuwa Rais wa Marekani, na Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, walianzisha mpango wa kuwasaidia wakulima wadogo wa Afrika wavune zaidi. Mbegu zilikuwapo na mbolea ilipatikana, lakini waliona kwamba mabwana shamba waliotakiwa kuyafikisha mafunzo hayo vijijini walikuwa na elimu kidogo, na milango ya vyuo vikuu ilikuwa imefungwa kwao. Vyuo vilipenda vijana waliotoka sekondari na alama za juu, hata kama hawajashika jembe. Mtu wa miaka thelathini na tano, mwenye cheti na miaka kumi ya matope, hakuwa na mahali.

Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Cape Coast kikafungua kozi ya shahada kwa watu wa namna hiyo. Walioingia walikuwa wafanyakazi wa ugani, wanaume kwa wanawake, na mwajiri wao, Wizara ya Chakula na Kilimo, ndiye aliyewapa ruhusa ya kwenda. Baada ya muda darasani, mwanafunzi hurudishwa kwa miezi kadhaa katika eneo lake la kazi. Hapo lazima aendeshe mradi mmoja ambao ameupanga pamoja na wakulima wenyewe, juu ya tatizo walilolitaja wao, na mwajiri wake akiwa anaufahamu. Mhadhiri humfuata huko huko shambani. Kisha mwanafunzi hurudi chuoni na kueleza yaliyofaulu na yaliyoshindikana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mpango kama huo ulikuwa umefika Makerere kule Uganda, na Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, Tanzania.

Nitazameni tofauti. Mwanafunzi huyu hana haja ya kuomba nafasi kwa barua, kwa kuwa nafasi ni yake. Mwajiri hawezi kumpa daftari la kunakili, kwa kuwa amemwachia mtu wake akasome na sasa anataka kuona faida. Naye mhadhiri, akifika kijijini, hawezi kukaa saa moja na kuondoka, maana wakulima wanamngoja na maswali. Nadhani hilo la mwisho ndilo kubwa. Profesa aliyeulizwa swali na mkulima akakosa jibu hurudi chuoni akiwa na somo jipya la kutafuta.

Labda msomaji atasema: hao ni watu wazima walio na kazi tayari, je, kijana wangu wa miaka ishirini na moja asiye na mwajiri? Swali ni la haki. Chuo Kikuu cha Gulu, kaskazini ya Uganda, kilianzishwa mwaka 2002 katika nchi iliyokuwa bado katika vita, watu wengi wakiishi kambini. Waajiri wakubwa wa kilimo walikuwa wachache mno. Chuo kikaona kwamba waliokuwapo kwa wingi ni wakulima wadogo, kikawaunganisha wanafunzi nao: mwanafunzi hupewa mkulima, humtembelea mara kwa mara, hufanya naye kazi na kushauriana naye. Kuanzia mwaka 2016 Gulu na Egerton yetu viliingia katika mpango mmoja, chini ya muungano wa vyuo vikuu vya Afrika uitwao RUFORUM, kwa fedha za Mastercard Foundation. Huko Nakuru wanafunzi na walimu wao walifanya kazi na wakulima juu ya mbegu safi za viazi, maana mkulima anayepanda viazi vidogo alivyobakiza ghalani hupanda na magonjwa yake.

Kwa hiyo mwajiri si lazima awe kampuni yenye lango na askari. Mkulima mwenye ekari tatu aweza kuwa mwajiri wa mafunzo, mradi chuo kimheshimu kama mwalimu na kisimwone kama mtu wa kuhurumiwa.

Liko jambo la fedha, nami sitalipita, kwa kuwa wazazi hulijua kuliko wakuu wa vyuo. Wanafunzi wengi hawalipwi chochote katika miezi hiyo. Hutafuta chumba cha kupanga, hununua chakula, hulipa nauli kila siku, na karo ya muhula huo haipunguzwi. Matokeo yake ni kwamba kijana huchagua ofisi iliyo karibu na kwa shangazi yake, si ile yenye kazi anayohitaji. Wasichana hupata taabu zaidi juu ya mahali salama pa kulala. Kile kituo cha maziwa nilichokitaja hutoa chakula cha mchana na chumba nyuma ya ghala. Si kitu kikubwa, lakini ndicho kilichomwezesha binti wa mbali kusimama mbele ya mizani alfajiri.

Tangu mwaka ule wa 2017 nimebadili desturi yangu, kwa ruhusa ya mkubwa wangu. Barua ikifika, kabla sijaijibu nampelekea Bwana Shamba na Bibi Shamba karatasi ndogo yenye swali moja: je, kuna kazi, katika kijiji gani, na nani atatoka na kijana huyu? Wakijibu, naandika kazi hiyo katika barua ya kumkubali, na nakala nampelekea mhadhiri wake, ili ajapo asiniulize juu ya sahihi, aniulize juu ya kijiji. Wasipojibu, namwandikia mwanafunzi kwamba hatuna nafasi, ingawa viti vipo.

Mwaka huu barua zilifika kumi na nne. Kazi zilizopatikana zilikuwa tano. Zile tisa nimezirudisha kwa wakuu wa idara waliozitia sahihi, nikaeleza sababu, nikawaomba watuandikie kabla ya msimu wa kupanda vijana wao wanapaswa kujifunza nini. Mmoja amejibu. Ameuliza kama aweza kuja mwenyewe siku ya soko, aonane na wakulima.